Sheikh Al-Amin na Nasaba ya Wamazrui
Nilipokuwa Naitiri, Bungoma, mzee mmoja wa Kibukusu alinihesabia babu zake mmoja mmoja, kisha akaniuliza wangu. Nilikwama kwa babu wa tatu. Hapo nikamkumbuka Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891. Babake alifariki angali mtoto mdogo, akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman. Mwaka 1932 alianzisha gazeti la Al-Islah, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Pamoja na shughuli hizo, aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake, uliotawala Mombasa hadi 1837. Alifariki mwaka 1947, Mungu amrehemu, kitabu kimebaki. Ndugu msomaji, waulize wazee wangali hai. Asiyejua nasaba yake ataungaje udugu na jamaa asiowajua?