Mbiyu Koinange: Mwalimu wa Githunguri aliyesahaulika nyuma ya waziri

KWA miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1981, jina la Peter Mbiyu Koinange lilitajwa magazetini hasa kwa sababu ya kesi ya urithi wa mashamba na mali aliyoiacha. Wazee nao humkumbuka kama waziri aliyekuwa na usemi mkubwa katika Afisi ya Rais enzi za Mzee Jomo Kenyatta. Ni wachache wanaomtaja kama mwalimu, ilhali kwa maoni ya mwandishi huyu, kazi yake iliyo bora kuliko zote ni ile aliyoianza Januari 1939 huko Githunguri, Kiambu, kabla hajawa na cheo chochote serikalini.

Mbiyu alizaliwa mwaka 1907. Baba yake, Koinange wa Mbiyu, alikuwa chifu aliyelipwa mshahara na mkoloni lakini hakunyamaza kuhusu ardhi iliyonyakuliwa. Mwaka 1931 mzee huyo alisafiri hadi London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge la Uingereza. Kijana wake alisoma Buxton, Mombasa, kisha akaingia Alliance ilipofunguliwa mwaka 1926. Mwaka uliofuata aling'oa nanga kwenda Marekani.

Huko alianzia Hampton, Virginia, taasisi iliyoanzishwa ili kuwaelimisha Wamarekani Weusi waliokuwa wametoka utumwani, ambako mwanafunzi alishika jembe na nyundo sawa na alivyoshika kalamu. Akaendelea na chuo cha Ohio Wesleyan, kisha Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York alikopata shahada ya uzamili katika elimu. Alipitia Uingereza kwa masomo zaidi na kurejea nyumbani mwaka 1938, miaka 11 tangu aondoke.

Nchi aliyoikuta haikuwa ile aliyoiacha. Mwaka 1929 wamisheni kadhaa katika maeneo ya Wakikuyu waliwataka walimu na wazazi waape kuikana tohara ya wasichana. Waliokataa walifukuzwa makanisani, na watoto wao wakafungiwa milango ya shule. Desturi yenyewe leo imepigwa marufuku na sheria ya Kenya, na hapana haja ya kuitetea hapa. Hata hivyo, mgogoro huo ulizaa jambo ambalo wamisheni hawakulitarajia. Wazazi walianza kujenga shule zao wenyewe kwa miti na udongo, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 walikuwa na vyama viwili vya kuzisimamia, kimoja kikiwa cha shule huru na kingine cha Karing'a.

Shule zilipatikana, ila walimu hawakupatikana. Kijana aliyemaliza madarasa machache ndiye aliyefundisha wengine, na vyuo vya ualimu vilikuwa mikononi mwa wale wale wamisheni. Mbiyu alifika katika pengo hilo akiwa na shahada ambayo Waafrika wenzake nchini hawakuwa nayo. Angeweza kuajiriwa kwingine, ingawa enzi hizo mwalimu Mwafrika alilipwa kidogo kuliko Mzungu aliyesoma sawa naye. Badala yake, yeye na baba yake waliwaendea viongozi wa shule huru na kuwashawishi waanzishe chuo kitakachowapikia walimu shule zote hizo, na ambacho mlango wake ungekuwa wazi kwa watoto wa jamii nyingine za Kenya.

Fedha zilipatikanaje? Hapa ndipo hekima yao ilipodhihirika. Hawakumwomba mfadhili. Walitumia rika. Miongoni mwa Wakikuyu, waliotahiriwa pamoja walihesabiwa kuwa kundi moja maishani, wakisaidiana na kuwajibishana. Kila rika likapewa nafasi ya kuchanga kwa jina lake, na hakuna rika lililotaka kuaibishwa na lile lililolifuata kwa umri. Mtu asiye na shilingi alileta mbuzi, kuku, ndizi au nguvu za mikono yake. Mfumo huo Mbiyu hakuutoa New York. Aliukuta nyumbani, akawa na busara ya kutoupuuza.

Wanawake hawakukubali kubaki watazamaji. Walijipanga wenyewe, wakakusanya fedha zao na kuzielekeza katika ujenzi wa bweni la wasichana. Ikumbukwe kwamba huu ulikuwa wakati ambao mzazi wa kawaida aliona kumsomesha binti ni kupoteza mali. Mama ambaye hakuwahi kushika kitabu alikuwa akitoa akiba yake ili msichana asiyemfahamu apate pa kulala akisoma.

Si kwamba mambo yalikwenda sawa daima. Hesabu za fedha zilizua manung'uniko, vyama vilivyounga mkono chuo havikuelewana kila mara, na kuna nyakati mishahara ya walimu ilichelewa. Mbiyu naye hakuwa mtu wa kukaa pamoja. Mwaka 1947 aliondoka tena kwenda kusoma Uingereza, akimwachia uongozi Kenyatta, aliyekuwa amerejea nchini Septemba 1946 na kumwoa dada yake, Grace Wanjiku. Kenyatta alikuwa na siasa za KAU mabegani, na chuo hakikupata uangalizi kiliouhitaji. Yafaa kusema wazi kuwa Mbiyu alijua kuanzisha kuliko kudumisha. Kilichokishikilia chuo miaka hiyo ni wale waliokichangia. Kwao Githunguri ilikuwa mali yao, na mtu haachi nyumba yake kwa kuwa paa linavuja.

Mwaka 1951 KAU ilimtuma Mbiyu pamoja na Achieng' Oneko kwenda London kuwasilisha malalamiko ya ardhi. Oneko alirudi, Mbiyu akabaki. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, njia ya kurudi ilizibwa. Baba yake alikamatwa, akashtakiwa kuhusiana na mauaji ya Chifu Waruhiu, na ingawa mahakama ilimwachilia, serikali ilimweka kizuizini kwa miaka mingi. Mzee Koinange alifariki mwaka 1960.

Shule huru zaidi ya 100 zilifungwa. Githunguri pia ilifungwa, na mahali pale pakageuzwa kuwa kituo cha serikali ambako waliohukumiwa kifo walinyongwa. Uwanja uliofunza walimu ukawekwa kitanzi.

Akiwa uhamishoni, Mbiyu aliandika kitabu kilichochapishwa Detroit mwaka 1955, akieleza namna watu wa kawaida walivyokijenga chuo kile. Baadaye alifanya kazi Ghana chini ya Kwame Nkrumah, kisha akarejea Kenya uhuru ulipokaribia.

Katikati ya miaka ya 1960 alihudumu kwa muda kama Waziri wa Elimu. Wakati huo vijiji kote nchini vilikuwa vikijenga shule za harambee, kila mmoja akileta alichonacho, kama rika zilivyofanya Githunguri. Kutoka hapo alihamia Afisi ya Rais, alikokaa hadi Kenyatta alipofariki Agosti 1978. Katika uchaguzi wa 1979 alishindwa na Njenga Karume katika eneo la Kiambaa. Miaka miwili baadaye alifariki.