Louis Daguerre: jina moja kwa kazi ya watu wawili

Leo, mwenye imprimante nyumbani anaweza kununua karatasi yenye kung'aa sawa chuma na kutoa juu yake foto ya ndoa. Zamani, foto haikuiga chuma. Ilikuwa chuma kabisa. Jina linalokumbukwa kwa kazi ile ni la Mfaransa Louis Daguerre.

Alizaliwa tarehe 18 Novemba 1787 huko Cormeilles-en-Parisis, karibu na Paris. Hakuwa mtu wa sayansi. Alikuwa akichora mapazia makubwa ya tiatri. Mwaka 1822, yeye na Charles Bouton walifungua Diorama, nyumba ya maonyesho ambamo mwanga uligeuza picha mbele ya macho ya watu, mchana ukawa usiku. Hapo njo alianza kutafuta namna ya kushika picha kwa mwanga, bila kuchora.

Lakini mtu mwingine alikuwa amemtangulia. Nicéphore Niépce, wa Chalon-sur-Saône, alikuwa amekwisha kupata picha juu ya bamba la chuma, hata kama ilimuomba saa nyingi. Mwaka 1829 wakafanya mkataba wa kutumika pamoja. Niépce akafa mwaka 1833 bila kuona faida. Mtoto wake Isidore akachukua nafasi yake, na alikuwa na shida ya makuta. Mwaka 1837 akatia sahihi mkataba mpya: ile njia itaitwa kwa jina la Daguerre peke yake.

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Bamba la shaba linapakwa feza, linasuguliwa mpaka lioneshe uso sawa kioo, linapitishwa kwenye mvuke wa iodi, kisha linaingia ndani ya kamera. Baadaye mvuke wa zebaki unatokeza picha. Ni ile mercure ambayo wachimbaji wa zahabu wa kwetu wanaijua, na sumu yake ni ile ile: mvuke unaingia mwilini kwa pumzi. Tena kila picha ilikuwa moja tu, bila kopi.

Tarehe 7 Januari 1839, mtaalamu François Arago aliitangaza kazi hiyo mjini Paris. Miezi miwili baadaye, moto uliteketeza Diorama. Serkali ya Ufaransa ikanunua siri: Daguerre franka 6000 kila mwaka, Isidore 4000. Tarehe 19 Agosti, njia ikafunguliwa kwa watu wote, ila Uingereza, ambako Daguerre alikuwa amekwisha kuikinga kwa hati siku chache mbele.

Alikufa tarehe 10 Julai 1851 huko Bry-sur-Marne. Jina lake limeandikwa juu ya mnara wa Eiffel, kati ya majina 72 ya wataalamu. La Niépce haliko pale. Kwa wale wanaoanza kazi na mwenzao, mkataba usomwe vizuri, hata wakati mfuko uko mutupu.