Ernest Hemingway: Aliyeandika theluji za Kilimanjaro, akaanguka na ndege mara mbili ndani ya siku mbili

Mwishoni mwa Januari 1954, magazeti mengi duniani yalibeba habari moja kubwa: mwandishi maarufu wa Marekani, Ernest Hemingway, amekufa kwa ajali ya ndege Uganda.

Kumbe hakufa. Alikuwa hai, ameungua, kichwa kimepasuka, na siku chache baadaye alikaa Nairobi akisoma tanzia zake mwenyewe.

Jina lake halitengani na Kilimanjaro. Wageni wengi wanaoanza kupanda mlima kwenye geti la Machame walisikia habari za mlima huu kwa mara ya kwanza kupitia hadithi yake. Kisichojulikana sana ni kwamba ndege iliyomwangusha Butiaba, pembeni mwa Ziwa Albert, haikumaliza kazi yake siku ile.

Mtoto wa daktari

Hemingway alizaliwa Julai 21, 1899, Oak Park, jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa daktari na mpenda kuwinda, na mtoto akarithi bunduki kuliko dawa.

Mwaka 1918, akiwa hajafikisha miaka 19, alikwenda Italia kuendesha gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu. Kombora likamjeruhi vibaya miguuni. Baada ya vita alihamia Paris akiwa mwandishi wa habari, na kufikia mwaka 1929 riwaya zake zilikuwa zimempa jina kubwa.

Safari ya kwanza: ugonjwa uliozaa hadithi

Desemba 1933 aliteremka Mombasa na mke wake wa pili, Pauline. Muongozaji wao alikuwa Philip Percival, mwindaji aliyeheshimika sana Kenya. Wakaelekea Tanganyika kuwinda.

Januari 1934, wakiwa upande wa Serengeti, Hemingway alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu unaosababishwa na amiba. Hali ikawa mbaya. Ndege ndogo ikaja kumchukua kambini, ikapitia Arusha kuongeza mafuta, kisha ikampeleka Nairobi kutibiwa.

Kutokana na safari hiyo aliandika «The Snows of Kilimanjaro», iliyotoka kwenye jarida la Esquire mwaka 1936. Inamhusu mwandishi anayekufa porini huku akisubiri ndege.

Sababu ya kifo chake ni ndogo kabisa. Alichunwa na mwiba gotini, akadharau kupaka dawa, na kidonda kikaoza. Na kwa nini hakufikishwa hospitali? Lori liliharibika kwa sababu dereva hakukagua oili. Mwiba na oili, basi. Mwishoni mgonjwa anaota ndege imemfuata, rubani anampitisha kwenye mvua kubwa, na mbele yake kinatokea kilele cheupe cha Kibo.

Hadithi inaanza na mzoga wa chui uliokauka karibu na kilele cha magharibi. Huyo chui hakuwa wa kubuni. Mchungaji wa Kilutheri Richard Reusch alimkuta mlimani mwaka 1926, akakata sikio lake kama ushahidi.

Anarudi chini ya mlima

Miaka 20 ikapita. Hemingway akashiriki vita vingine kama mwandishi wa habari, akaumia kichwa zaidi ya mara moja, akaoa mke wa nne, Mary. Mwaka 1953 alipata tuzo ya Pulitzer kwa kitabu kuhusu mzee mvuvi wa Cuba.

Mwaka huo huo alirudi Afrika Mashariki. Kenya ilikuwa kwenye hali ya hatari wakati wa vita vya Mau Mau. Kambi yake ilikuwa Kimana, karibu na Loitokitok, upande wa pili wa Kilimanjaro ukiutazama kutoka Machame. Alikaa huko miezi kadhaa akiuona mlima kila asubuhi mawingu yanapofunguka.

Zawadi ya Krismasi kwa Mary ilikuwa safari ya ndege kwenda kuitazama Kongo kutoka angani. Rubani alikuwa Roy Marsh, na ndege ilikuwa Cessna 180 yenye injini moja. Januari 21, 1954 wakaondoka Nairobi.

Ajali ya kwanza: waya uliosahaulika

Januari 23 walikuwa juu ya maporomoko ya Murchison, Uganda. Rubani alizunguka chini chini ili Mary apige picha. Wakati wa kukwepa ndege wa porini, Cessna ikagonga waya wa zamani wa telegrafu uliokuwa umeachwa pale, ikaanguka kwenye vichaka.

Mary alivunjika mbavu mbili. Hemingway aliumia bega. Wakalala porini, tembo wakiwa jirani.

Rubani wa ndege ya abiria iliyopita juu aliona mabaki, hakuona mtu. Taarifa yake ndiyo iliyozaa habari ya kifo.

Kesho yake boti ilipita mtoni, ikawachukua mpaka Butiaba.

Ajali ya pili: ndege kuukuu ya injini mbili

Butiaba walimkuta rubani Reginald Cartwright, aliyekuwa akiwatafuta. Ndege yake ilikuwa de Havilland Dragon Rapide, yenye injini mbili za pangaboi na mabawa ya ghorofa mbili.

Ndege za aina hiyo ziliruka mara ya kwanza mwaka 1934, na uzalishaji ulikoma mwaka 1946. Zilitengenezwa zaidi ya 700. Kwa wakati wake ilikuwa ndege nzuri, na shirika la East African Airways lilianza kazi mwaka 1946 kwa kutumia hizo hizo. Lakini mwili wake ulikuwa mbao na kitambaa.

Jua lilikuwa linazama. Uwanja ulikuwa wa mashimo na matuta. Wangeweza kulala Butiaba na kuondoka asubuhi, au kwenda kwa gari. Ikaamuliwa waruke.

Ndege ilikimbia, ikanyanyuka, ikadunda chini, ikanyanyuka tena, ikaanguka. Moto ukashika. Marsh na Mary walitokea dirishani. Hemingway alikuwa mkubwa mno kupita pale, na mlango ulikuwa umekwama. Bega bovu, mikono haina nafasi. Akaugonga mlango kwa kichwa mpaka ukafunguka.

Wote walitoka hai. Usiku ule walipelekwa Masindi kwa gari, barabara ile ile ambayo wangeweza kuichukua tangu mwanzo.

Kwa nini ndege za namna ile zilianguka?

Watu wengi huamini injini mbili ni usalama mara mbili. Kwa ndege nyingi za kizazi kile haikuwa hivyo. Injini moja ikizima wakati wa kupaa, iliyobaki mara nyingi haina nguvu ya kuipandisha ndege, hasa ikiwa na mzigo.

Afrika Mashariki inaongeza tatizo jingine. Kwenye joto na kwenye miinuko hewa ni nyepesi. Injini inapungua nguvu, mabawa yanapungua kunyanyua, na ndege inahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia. Uwanja wa matuta unakula mwendo huo huo inaouhitaji.

Umri nao una yake. Mbao hunywa unyevu, gundi huchoka, kitambaa hupauka kwa jua. Ndege ya namna hiyo ikitunzwa inaruka miaka mingi, lakini ikianguka na petroli ikamwagika, inaungua haraka sana.

Butiaba haikuhitaji hata injini kuzima. Ndege ilishindwa kuachana na ardhi tu. Giza linakuja, uwanja mbovu, haraka ya kuondoka: kila kimoja peke yake ni kidogo, kama mwiba na oili za hadithini.

Mwaka mmoja baadaye zamu ilikuwa ya Kilimanjaro yenyewe. Mei 18, 1955, Dakota ya East African Airways, nayo ya injini mbili za pangaboi, iligonga mlima upande wa Mawenzi ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi. Wote 20 waliokuwemo walikufa. Mei ni mwezi wa masika, mlima hujifunika siku nzima, na ndege za enzi hizo hazikuwa na mtambo wa kumwonya rubani kwamba ardhi iko mbele yake.

Miaka saba ya ajali moja

Hemingway alitoka Butiaba na fuvu lililopasuka, majimaji ya ubongo yakivuja, pingili za mgongo zimeumia, na ini, figo na bandama zimejeruhiwa. Kwa muda alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kushoto na kusikia kwa sikio la kushoto.

Badala ya kupumzika akaenda Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, kuvua samaki. Moto wa nyika ukatokea, akaingia kusaidia kuuzima, akaungua tena.

Oktoba 1954 alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Hakwenda Stockholm kuipokea, mwili haukuruhusu. Balozi wa Marekani alisoma hotuba kwa niaba yake.

Aliendelea kuandika kuhusu kambi ile ya chini ya Kilimanjaro, kurasa mamia, lakini kitabu hakukimaliza. Kumbukumbu zikaanza kumpotea, hofu na huzuni zikazidi. Alitibiwa hospitali kwa umeme wa kichwani. Julai 2, 1961 alijiua nyumbani kwake Ketchum, Idaho. Alikuwa na miaka 61.

Ugonjwa wa huzuni ulikuwa kwenye familia, baba yake naye alijiua mwaka 1928. Pombe nayo ilikuwepo. Lakini mwaka 2017 daktari wa magonjwa ya akili Andrew Farah alitoa kitabu akieleza kwamba majeraha ya kichwa yaliyorundikana, likiwemo la Butiaba, yalikuwa sehemu kubwa ya kuharibika kwa ubongo wake.

Mwanawe, Patrick, aliishi Tanganyika miaka mingi na kufundisha Chuo cha Wanyamapori Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 juu ya Moshi, si mbali na Machame. Baba alikuja kuwinda, mwana akafundisha watu kuwalinda wanyama. Patrick ndiye aliyehariri kurasa za baba yake zikatoka kama kitabu mwaka 1999.

Kwenye orodha za ajali za ndege, Butiaba imeandikwa kuwa haikuua mtu. Wanaohesabu huhesabu waliokufa siku ile. Aliyetoka kwenye moto akitembea huandikwa amepona, faili linafungwa, na kinachoendelea kichwani mwake kinabaki kwa mke na watoto.