Curt Flood: Mchezaji Aliyekataa Kuuzwa

Askari akikabidhiwa barua ya uhamisho hana mjadala. Hufunga mizigo yake, huwaaga majirani, hurudisha funguo za nyumba ya serikali na kupanda lori kwenda kituo kipya, kiwe cha mjini au cha mpakani. Ndivyo alivyoapa siku alipovaa sare, na kiapo ni kiapo. Kwa sababu hiyo huenda wasomaji wetu walioko makambini na vituoni wakastaajabu tukiwasimulia habari za mtu aliyeletewa uhamisho akaukataa, tena akaupeleka hadi mbele ya majaji wa juu kabisa wa nchi yake. Tunawaomba wawe na subira. Mtu huyo hakuwa askari, hakuwa ameapa kiapo chochote, na aliyemhamisha hakuwa serikali bali tajiri mwenye kiwanda cha bia.

Jina lake ni Curt Flood, Mmarekani mweusi na bingwa wa mchezo wa besiboli, aliyefariki dunia tarehe 20 Januari 1997. Tumeamua kumkumbuka kwa sababu kila mwaka, baada ya fainali ya mchezo huo kumalizika na kabla ya mazoezi ya Februari kuanza, Marekani huingia katika miezi isiyo na mechi lakini yenye kelele kuliko mechi zenyewe. Hicho ndicho kipindi cha usajili. Klabu hugombania wachezaji ambao mikataba yao imekwisha, na nyingine hukaa usiku kucha zikipatana nani abadilishwe na nani. Desemba 2023 Mjapani Shohei Ohtani aliahidiwa dola milioni 700 na Los Angeles Dodgers kwa miaka 10. Mwaka mmoja baadaye Juan Soto, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, akampita: dola milioni 765 kwa miaka 15 katika klabu ya New York Mets. Kabla ya Flood, mchezaji wa Marekani hakuwa na soko la namna hiyo. Alikuwa na bwana mmoja tu.

Kwa wasioujua mchezo huo, tuseme kwa ufupi kwamba timu ya watu 9 husambaa uwanjani. Mmoja wao hurusha mpira mdogo mgumu, na mpinzani mwenye rungu la mti hujaribu kuupiga mbali. Nyuma kabisa, penye nyasi tupu, husimama walinzi 3, na yule wa katikati ndiye mwenye eneo kubwa kuliko wote. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa Flood.

Alizaliwa Houston, Texas, tarehe 18 Januari 1938, akalelewa Oakland katika jimbo la California, mtoto wa mwisho katika nyumba ya watoto 6. Alikuwa mwembamba na mfupi kiasi, lakini miguu yake ilikuwa myepesi na mkono wake ulijua kuchora. Shule aliyosoma, McClymonds, ilitoa wanamichezo wengi mashuhuri, akiwemo Frank Robinson wa besiboli na Bill Russell wa mpira wa kikapu. Mwaka 1956, akiwa na miaka 18, klabu ya Cincinnati ilimsajili kwa dola 4,000 na kumpeleka katika timu zake ndogo za kusini, kwanza Carolina Kaskazini na kisha Georgia.

Huko ndiko alikojua maana ya ngozi yake. Wenzake weupe waliposhuka garini kula hotelini, yeye alipewa chakula chake kupitia mlango wa jikoni. Siku moja zilichezwa mechi mbili mfululizo, na kati ya mechi hizo wachezaji walivua sare zao na kuzitupa chini zipelekwe kwa dobi. Flood naye akatupa yake. Mtunza vyumba akachukua fimbo ndefu, akaitenga sare ya Flood na zile za wengine bila kuigusa kwa mkono, akaipeleka kwa dobi wa watu weusi. Kijana yule akakaa uchi akingoja irudi, huku wenzake wakiwa wamekwisha kuvaa na kutoka. Askari yeyote ajuaye heshima ya sare anaweza kufikiri mwenyewe kijana huyo alijisikiaje.

Desemba 1957, akiwa Venezuela kwa michezo ya majira yale, alipata simu ya maandishi: Cincinnati imekwisha kumtoa kwa klabu ya St. Louis Cardinals. Hakuulizwa. Alikuwa na miaka 19, akameza machungu, lakini moyoni aliweka nadhiri kwamba jambo lile halitamtokea mara ya pili.

St. Louis alikaa miaka 12, na hiyo ndiyo miaka ya utukufu wake. Klabu ilitwaa ubingwa mwaka 1964 na 1967. Yeye alikuwa mmoja wa manahodha wawili, na kuanzia mwaka 1963 hadi 1969 alipata kila mwaka tuzo ya mlinzi bora wa eneo lake. Msimu wote wa 1966 alicheza bila kosa hata moja la ulinzi. Hata hivyo, katika mechi ya mwisho ya fainali ya 1968 alikadiria vibaya mpira mmoja uliopigwa juu, ukampita kichwani, na Detroit wakashinda. Watu husahau mipira mamia aliyoidaka wakaukumbuka ule mmoja. Ndiyo desturi ya watu.

Tusiruke jambo la mwaka 1964. Wiki chache baada ya kuwa bingwa wa nchi nzima, Flood alipanga nyumba katika mji mdogo wa Alamo, California. Msimamizi wa nyumba alipotambua kuwa mpangaji ni mtu mweusi, yeye na wenzake walimtisha kwa bunduki. Flood hakutafuta bunduki yake. Alikwenda kwa hakimu, akapata amri, na polisi wa wilaya wakaisindikiza familia yake hadi mlangoni. Mtu huyu, basi, alikwisha kujifunza kwamba sheria ikisimamiwa na wenye sare wanaoheshimu kazi yao inaweza kumfungulia mnyonge mlango. Tunaamini kwamba mafunzo hayo ndiyo yaliyompeleka mahakamani mara ya pili.

Tarehe 8 Oktoba 1969, alfajiri, simu ililia. Aliyepiga hakuwa mwenye klabu, August Busch, bali mmoja wa maofisa wake wa kati, aliyemwarifu kwamba yeye na wenzake watatu wamepelekwa Philadelphia, na badala yao St. Louis itapokea watu watatu, mashuhuri wao akiwa Dick Allen. Maneno yalikwisha kwa dakika chache. Miaka 12 ya kazi, nyumba, marafiki na studio yake ya picha, vyote viwe vimefungwa katika sanduku.

Hapa inafaa tueleze jinsi kamba ile ilivyofungwa. Mchezaji alitia sahihi mkataba wa mwaka mmoja, lakini ndani yake mlikuwa na kifungu kilichoipa klabu haki ya kuurefusha kwa mwaka mwingine hata bila ridhaa yake. Wenye klabu walikifasiri kwamba mwaka huo huzaa mwaka mwingine, na huo mwingine tena, hadi mtu azeeke. Chanzo chake ni mapatano waliyofanya tangu mwaka 1879. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu iliamua kwamba besiboli si biashara inayovuka mipaka ya majimbo, kwa hiyo haiguswi na sheria za kuzuia ukiritimba, na mwaka 1953 ikakataa kuubadili uamuzi huo. Askari akimaliza muda wake wa utumishi anaweza kuvua sare na kutafuta kazi kokote. Mchezaji akikataa klabu yake, hakuna klabu nyingine katika ligi iliyoruhusiwa kumchukua.

Flood alikuwa akilipwa dola 90,000 kwa mwaka, na Philadelphia walikuwa tayari kumpa zaidi ya 100,000, wakati mfanyakazi wa kawaida hakufikisha hata 10,000. Kwa hiyo alipotangaza katika televisheni kwamba mtumwa anayelipwa vizuri angali mtumwa, wengi walimcheka. Sisi tunaona kwamba waliocheka hawakusikiliza. Yeye hakulalamikia mshahara. Alisema tu kwamba mtu si kitu cha kununuliwa na kuuzwa.

Alimwendea Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji. Miller hakumdanganya. Alimweleza kwamba kwa hakika karibu yote atashindwa, na kwamba hata akishinda, umri wake ni miaka 31 na ushindi utawafaa wengine. Tena asitegemee kupewa kazi ya ukocha maisha yake yote. Flood aliuliza kama kesi itawasaidia wachezaji wa baadaye. Alipojibiwa kwamba itawasaidia, akasema inatosha. Desemba 1969, huko San Juan, Puerto Rico, wajumbe wa wachezaji walimhoji, mmoja wao akitaka kujua kama anafanya hivyo kwa kuwa ni mtu mweusi. Alijibu kwamba anafanya kwa kuwa ni mchezaji, na kwamba kamba hiyo imewafunga wote. Wakakubali kwa kauli moja kumlipia mawakili. Tarehe 24 Desemba akamwandikia Kamishna wa mchezo, Bowie Kuhn, barua ya heshima kumwomba azijulishe klabu zote kwamba yuko huru kwa mwaka 1970. Kamishna akakataa, na Januari kesi ikafunguliwa New York.

Ilisikilizwa Mei na Juni 1970. Miongoni mwa waliokuja kumtetea alikuwa Jackie Robinson, mtu mweusi wa kwanza wa karne ya 20 katika ligi kuu, ambaye nywele zake zilikwisha kuwa nyeupe na macho kufifia. Wasomaji wetu wanajeshi wangependa kujua kwamba Robinson alikuwa luteni wa jeshi la Marekani, na mwaka 1944 alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi baada ya kukataa kuhamia viti vya nyuma vya basi, akaachiliwa huru. Yeye mwenyewe aliwahi kubadilishwa na klabu yake mwishoni mwa 1956, akastaafu badala ya kwenda. Walikuja pia wazee wengine wachache waliokwisha kuacha kucheza.

Lakini katika wachezaji mamia waliokuwa kazini, hakuna hata mmoja aliyefika kukaa nyuma ya Flood katika chumba kile. Hata marafiki zake wa St. Louis hawakufika. Walikuwa wamepiga kura ya kumuunga mkono, mioyo yao ilikuwa naye, ila kila mmoja aliogopa kuonekana. Aliyewahi kusonga mbele katika doria, akageuka nyuma na kukuta njia tupu, hahitaji maelezo yetu.

Alishindwa mwezi Agosti, akashindwa tena katika rufani mwaka uliofuata. Msimu wote wa 1970 hakucheza wala hakulipwa. Mwaka 1971 klabu ya Washington ilimchukua kwa dola 110,000, lakini wepesi ulikuwa umekwisha na madeni yalimzunguka. Baada ya mechi 13 alipanda ndege kwenda Hispania, akafungua baa katika kisiwa cha Majorca. Hapo alikuwapo tarehe 19 Juni 1972 Mahakama ya Juu ilipomkatalia kwa kura 5 dhidi ya 3. Majaji waliomshinda walikiri kwamba hali ya besiboli katika sheria ni kioja, wakasema lakini wa kuirekebisha ni Bunge. Jaji mmoja alijitoa kwa kuwa alikuwa na hisa katika kampuni ya bia ya Busch. Katika watatu waliokuwa upande wa Flood alikuwamo Thurgood Marshall, yule yule aliyekuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mazungumzo ya katiba London mwaka 1960.

Wenye klabu walishinda, ila kishindo cha kesi kiliwatia hofu. Mwaka 1973 walikubali kwamba mchezaji mwenye miaka 10 katika ligi, 5 ya mwisho ikiwa katika klabu moja, asihamishwe bila idhini yake. Flood alikuwa na miaka 12 St. Louis alipouzwa. Kisha, tarehe 23 Desemba 1975, msuluhishi Peter Seitz alitamka kwamba mwaka mmoja wa nyongeza ni mwaka mmoja tu, si milele, akawaachia huru warusha mpira wawili, Andy Messersmith na Dave McNally. Mapatano ya 1976 yakaweka kanuni ya miaka 6 ya utumishi, na baada ya hapo mchezaji aweza kujiuza mwenyewe. Kanuni hiyo ndiyo iliyowatajirisha Ohtani na Soto.

Flood hakupata hata senti moja ya fedha hizo. Alirudi Oakland katikati ya miaka ya 1970 akiwa mlevi na mwenye dhiki. Mwaka 1978 alitangaza mechi redioni kwa muda mfupi, kisha akatoweka tena. Aliyemwinua ni mke wake, mcheza sinema Judy Pace, aliyemwoa mwaka 1986. Akaacha pombe. Wakati wa mgomo wa 1994 alisimama mbele ya mkutano wa wachezaji, vijana mamilionea ambao wengi wao walikuwa bado watoto alipopeleka kesi, nao wakainuka vitini kumpigia makofi. Muda si mrefu saratani ya koo ikamnyang'anya sauti. Alizikwa Inglewood, California, na mwaka 1998 Bunge la Marekani likapitisha sheria yenye jina lake, iliyowapa wachezaji wa ligi kuu haki aliyonyimwa na majaji.

Julai 2025 Dick Allen, yule aliyebadilishwa naye mwaka 1969, aliingizwa katika jumba la mashujaa wa besiboli huko Cooperstown, karibu miaka 5 baada ya kufa kwake. Jina la Curt Flood lilikuwa bado halimo.