Rudolf Virchow na Lugha ya Wagonjwa

Likizo iliyopita mpwa wangu, ambaye yumo katika mwaka wa tatu wa masomo ya udaktari, alikuja kwetu pwani na kitabu kinene cha patholojia, yaani elimu ya namna magonjwa yanavyoharibu viungo vya mwili. Kwa wiki mbili alikariri mfumo mmoja baada ya mwingine: moyo na mishipa ya damu, mapafu, ini na nyongo, figo, ubongo. Jioni moja nyanya yake, ambaye ni mama yangu mzazi, alimwuliza jambo dogo. Hospitalini alikuwa ameambiwa kwa Kiingereza kwamba moyo wake una kasoro, naye alitaka kujua kwa nini basi ni miguu iliyovimba. Kijana alilijua jibu. Nilimwona akilitafuna mdomoni. Lakini jibu lenyewe alikuwa amelihifadhi lote kwa Kiingereza, na kila alipojaribu kuling'oa neno moja alipande katika Kiswahili, lilinyauka. Mwishowe akamwambia nyanya yake anywe dawa zake kwa wakati.

Mimi si tabibu. Kazi yangu ni isimu. Hata hivyo, usiku ule nilikiazima kile kitabu, na jina moja likawa linanirudia karibu katika kila sura: Rudolf Virchow. Wanafunzi wa udaktari wanamjua kama jina lililobandikwa juu ya tezi fulani ya shingoni na juu ya kanuni fulani za kuganda kwa damu. Maisha yake hawayajui, na nadhani mwalimu yeyote wa lugha angefaidika kuyajua.

Virchow alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1821 katika mji mdogo wa Schivelbein, jimbo la Pomerania, Prusia. Leo mji huo umo Poland na huitwa Świdwin. Wazazi wake hawakuwa na mali. Mwaka 1839 alipata nafasi katika chuo cha waganga wa jeshi mjini Berlin, ambako karo ilisamehewa kwa sharti la kulitumikia jeshi baadaye. Alihitimu mwaka 1843, na tasnifu yake, kama desturi ya siku hizo ilivyodai, aliiandika kwa Kilatini. Kisha akapelekwa katika hospitali ya Charité, kwenye chumba cha kupasulia maiti, na humo ndimo alimopata elimu yake ya kweli.

Ili kuielewa kazi yake, inafaa turudi nyuma kidogo. Kwa karne nyingi waganga wa Ulaya waliamini kwamba ugonjwa ni kuchafuka kwa mizani ya majimaji ya mwili mzima. Mwaka 1761 Mwitaliano Giovanni Battista Morgagni, mwalimu wa Padua aliyekuwa amekaribia miaka 80, alichapisha kitabu chenye habari za maiti zipatazo 700 alizokuwa akizilinganisha na maradhi waliyougua wenyewe wangali hai. Hoja yake ilikuwa kwamba ugonjwa una makao, na makao hayo ni kiungo mahususi. Baadaye Mfaransa Bichat alisogeza makao hayo kutoka kiungo kizima hadi tishu zinazokiunda. Virchow aliingia na hadubini akayasogeza tena, hadi kwenye seli. Katika mihadhara 20 aliyowapa madaktari wa Berlin mwaka 1858, ikachapishwa mwaka uo huo, alifundisha kwamba kila seli huzaliwa na seli nyingine, na kwamba ugonjwa si mgeni anayeingia mwilini na nguo zake bali ni uhai ule ule wa seli uliopotoka njia. Kitabu hicho hakukiandika kwa Kilatini. Alikiandika kwa Kijerumani, lugha ya wasikilizaji wake.

Hapa yafaa niseme kwamba wazo la seli kuzaana halikuwa lake peke yake. Robert Remak, Myahudi aliyezaliwa Posen, alikuwa ameonyesha kugawanyika kwa seli kabla yake, na Virchow hakumpa heshima iliyompasa. Wasomi hawakuanza jana kula kivulini mwa mti walioupanda wengine.

Kinachonivutia mimi zaidi ni mtu huyu kama mtunga maneno. Mwaka 1845, akiwa na umri wa miaka 24 tu wakati makala yake kuhusu kisa hicho ilipotoka, alieleza habari za mgonjwa ambaye damu yake ilikuwa imejaa chembe zisizo na rangi. Aliuita ugonjwa huo damu nyeupe, kwa Kijerumani cha kawaida kabisa. Miaka miwili baadaye alilivalisha jina lilo hilo joho la Kiyunani, na ndilo neno lukemia tunalolitumia hadi leo. Ndiye pia aliyeeleza kwamba bonge la damu likiganda kwenye mshipa wa mguu laweza kung'oka, likasafiri na mkondo hadi mapafuni, likaziba njia ya damu na kumwua mtu ghafla; akatunga istilahi za kuganda huko na kusafiri huko. Mwaka 1854 alipaka aidini kwenye kitu kigumu kilichokuwa kimejaa katika viungo vya maiti, akaona rangi inabadilika kama ya wanga, akakipa jina lenye maana ya kitu mfano wa wanga. Alikosea, kwani kitu hicho ni protini. Jina limebaki vivyo hivyo, na wanafunzi hulikariri pasipo kujua kwamba wanakariri kosa.

Isitoshe, patholojia nzima imejaa maneno ya jikoni. Nilicheka peke yangu usiku ule nilipokuta kwamba ini la mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu, likikatwa, huonekana lina madoadoa, na madaktari huliita ini la kungumanga. Tishu iliyoozeshwa na kifua kikuu hufananishwa na jibini. Bandama iliyojaa ule uitwao wanga hufananishwa na chembe za sago. Waliotunga majina haya walitazama kiungo kilicholala mezani, wakakumbuka walichokiona nyumbani kwa mama zao. Mama yangu anakijua kungumanga tangu utotoni. Mpwa wangu aliyesoma ini la kungumanga kwa Kiingereza hakujua kwamba ndicho kile kinachokunwa juu ya uji wa nyanya yake.

Lakini sura ya maisha ya Virchow inayopasa kusomwa katika vyuo vyetu ni ya mapema mwaka 1848. Homa ya tifasi ilikuwa imezuka Silesia ya Juu, hasa wilaya za Rybnik na Pless, na watu wakawa wanakufa kwa maelfu baada ya mazao kuharibika na njaa kuingia. Serikali ya Prusia, baada ya kusitasita mno, ilimtuma Virchow pamoja na afisa mwandamizi wa tiba kwenda kuchunguza. Alikaa huko chini ya wiki tatu. Yamkini waliomtuma walitarajia ripoti kuhusu hewa, unyevu na usafi. Ripoti aliyoiandika ilieleza nyumba za chumba kimoja walimolala watu pamoja na mifugo, mlo wa viazi usio na kingine, makabaila waliochukua faida ya ardhi na kuitumia mbali, na kanisa lililowazoeza watu kusubiri. Alieleza pia kwamba wenyeji walisema Kipolandi ilhali serikali, na elimu iliyotoka kwayo, zilisema Kijerumani, hivi kwamba wananchi walikatiwa njia ya kujifunza lolote.

Basi tiba aliyoiandika haikuwa ya vidonge. Alidai watu wajitawale, wasome, wajengewe barabara, kodi iondolewe mabegani mwa maskini, na Kipolandi kiwe lugha rasmi pale. Daktari mwenye umri wa miaka 26, Mjerumani, aliyetumwa kuchunguza homa, aliihesabu lugha miongoni mwa dawa! Nimesoma taarifa nyingi za kamati za lugha katika maisha yangu, na sikumbuki iliyonigusa kama hiyo.

Siku chache baada ya kurejea Berlin mwezi Machi mapinduzi yalizuka, akajiunga na wenzake kwenye vizuizi vya barabarani, kisha akaanzisha gazeti la kupigania mageuzi ya tiba. Mwaka 1849 serikali ilimsimamisha kazi. Akaenda Würzburg, akafundisha miaka saba, na mwaka 1856 Berlin ikalazimika kumrudisha na kumjengea taasisi yake ya patholojia. Huko wanafunzi walifundishwa kufungua maiti kwa utaratibu, kiungo kimoja kimoja, pasipo kuruka kiungo hata kama sababu ya kifo ilikwisha kuonekana. Mwaka 1899 alifungua jumba la makumbusho lililokuwa na vielelezo zaidi ya 20,000 vya viungo vilivyougua, vingi vikiharibiwa baadaye katika Vita Vikuu vya Pili.

Siasa hakuiacha. Aliingia baraza la jiji la Berlin mwaka 1859 na kubaki humo hadi kufa, akapigania mifereji ya maji machafu na hospitali za umma. Bungeni alimkera Bismarck kiasi kwamba mwaka 1865 waziri mkuu huyo alimtaka wapigane kwa silaha. Virchow alikataa.

Hakuwa malaika. Alilitazama fuvu la mtu wa kale wa Neanderthal akasema ni la mtu wa kawaida aliyeugua mifupa. Robert Koch alipotangaza mwaka 1882 kwamba amegundua kiini cha kifua kikuu, Virchow alilipokea jambo hilo kwa mashaka, maana mwenye kuamini kwamba ugonjwa huzaliwa ndani ya seli haoni kwa urahisi adui atokaye nje. Na liko moja linaloniuma mimi kama mwanaisimu. Mwaka 1873 alilipa umaarufu neno la Kijerumani lenye maana ya mapambano ya utamaduni, likawa jina la kampeni ya Bismarck dhidi ya Kanisa Katoliki. Katika muongo uo huo Kijerumani kilitiliwa nguvu katika shule za wasemao Kipolandi, na sheria ya mwaka 1876 ikakifanya lugha pekee ya ofisi za serikali ya Prusia. Mambo yaliyofanyika yalikuwa kinyume kabisa cha alichokiandika Silesia, na katika vita vile dhidi ya Kanisa jina la Virchow lilikuwa upande wa Bismarck.

Tarehe 4 Januari 1902 aliruka kutoka kwenye tramu jijini Berlin akavunjika fupa la paja karibu na nyonga. Hakupona sawasawa. Alifariki tarehe 5 Septemba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 80.

Mpwa wangu amekwisha kurudi chuoni. Kabla hajaondoka tuliketi watatu, yeye, mimi na mama, tukalijibu lile swali kwa Kiswahili: moyo ukichoka kusukuma, damu hurundikana nyuma yake kama watu mlangoni, na maji yake huchuja nje ya mishipa yakatua mahali pa chini kabisa, nako ni miguuni. Mama aliuliza maswali mengine manne. Mawili tuliyaweza. Tangu hapo mimi na kijana tumeanza daftari la maneno, na tumekwama kwenye lile bonge la damu linalosafiri. Bonge tunalo na kuganda tunako, lakini neno moja linalobeba safari yake hatunalo. Walimu walio Lamu, Mombasa na kwingineko wanaolijua, au wanaoweza kulichonga, naomba waniandikie kupitia kwa mhariri.