Mchungaji Dkt. Bruno Gutmann (1876–1966): Mwanafunzi wa Wazee, Mwalimu wa Wasomi

Miongoni mwa watumishi waliolijenga Kanisa la Kilutheri katika nchi yetu, Mchungaji Bruno Gutmann ana nafasi ya pekee. Alitunukiwa heshima za vyuo vikuu, lakini elimu iliyompatia heshima hizo aliipokea kwa wazee wa Kilimanjaro ambao hawakupata kuketi darasani. Kwa sisi wa Matambarale, tuliolelewa katika nchi ya jando na unyago, maisha yake yanagusa jambo tunalolifahamu.

Bruno Gutmann alizaliwa Dresden, Ujerumani, tarehe 4 Julai 1876. Alisoma katika chuo cha Misioni ya Leipzig, akatumwa Afrika Mashariki mwaka 1902. Baada ya kuhudumu Machame na Masama, alikabidhiwa usharika wa Old Moshi, na jina lake likafungamana na mahali hapo daima. Mwaka 1920, kufuatia Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani. Walimu wa Kichaga ndio waliobaki wakilichunga kundi, hata Gutmann aliporejea katikati ya miaka ya 1920 akakuta sharika zingali hai. Mwaka 1934 wachungaji wazalendo wa kwanza wa Kanisa la Kaskazini walibarikiwa. Yeye aliondoka Afrika mwaka 1938.

Tangu mwanzo Gutmann alijifunza Kichaga kwa bidii, akaketi na wazee na kuandika waliyomweleza. Mwaka 1909 alitoa kitabu juu ya fikra na masimulizi ya Wachaga. Mwaka 1926 kilifuata kitabu kikubwa juu ya sheria zao: urithi, ndoa, ardhi, mifugo na upatanisho wa wagomvi. Kati ya 1932 na 1938 alitoa majuzuu matatu ya mafundisho waliyopewa vijana walipoingia utu uzima. Humo alieleza pia mregho, kijiti chenye alama zilizochongwa, ambacho mwalimu wa jando alikitumia kufundishia. Hivyo alionyesha kwamba Wachaga walikuwa na elimu yenye mpangilio, walimu na vifaa vyake kabla ya shule ya kwanza kujengwa.

Wasomi wa Ulaya waliithamini kazi hiyo. Profesa Felix Krueger wa Chuo Kikuu cha Leipzig aliingiza vitabu hivyo katika mfululizo wa maandiko ya saikolojia ya ukuaji. Katika miaka ya 1920 Chuo Kikuu cha Erlangen kilimtunuku Gutmann udaktari wa heshima wa theolojia, na kile cha Würzburg udaktari wa heshima wa sheria. Ni nadra mchungaji wa usharika wa kijijini kuheshimiwa na vitivo viwili vya namna hiyo. Utafiti wa malezi uliendelezwa na Otto Raum, mwana wa mmisionari Johannes Raum na mwalimu katika chuo cha ualimu cha Marangu, aliyetoa mwaka 1940 kitabu juu ya utoto wa Wachaga.

Gutmann hakuyakusanya mafundisho hayo ili yakae makabatini. Aliamini kwamba ukoo, ujirani na urika ni vifungo ambavyo Mungu amewapa wanadamu, na kwamba Injili haikuja kuvikata bali kuvitakasa. Kwa hiyo aliwapanga vijana wa kipaimara katika vikundi vidogo vya marika, wabebane katika imani na katika maisha. Huku kusini, Askofu Vincent Lucas wa Kanisa la Anglikana, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, alifuata njia iliyofanana kwa kuandaa jando la Kikristo. Watu hao wawili, wa makanisa tofauti na mataifa yaliyopigana vitani, walikabiliwa na swali moja: je, mtoto akibatizwa, ni lazima aache kuwa mwana wa kwao?

Jibu la Gutmann halikukosa upungufu. Alitilia shaka mno shule na maisha mapya ya mjini, ilhali Wakristo wengi wa Kichaga walitaka watoto wao wajue Kiingereza na kushika kazi za kisasa. Walikuwa na haki ya kutaka hivyo, na historia imewaunga mkono. Wanateolojia wa baadaye nao walimkosoa kwa kuupa udugu wa damu uzito uliokaribia ule wa udugu katika Kristo. Tena yafaa kukumbuka kwamba majina ya wazee waliomfundisha hayakuandikwa kwenye hati za udaktari.

Gutmann alifariki Ehingen, Ujerumani, tarehe 17 Desemba 1966, miaka mitatu baada ya makanisa saba kuungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Leo mzee anapofariki kabla hajaulizwa, elimu yake huzikwa pamoja naye. Usharika unaoadhimisha miaka yake utakuwa umemuenzi vema mtumishi huyu iwapo vijana wake wa kipaimara watatumwa kwa wazee, wakiwa na daftari na kalamu, kusikiliza na kuandika, na majina ya wazee hao yakaandikwa pia.