Alice Hamilton, Daktari wa Wafanya Kazi

Katika nchi ya Marekani alikuwako daktari mwanamke ambaye hakungoja wagonjwa waje hospitalini, bali aliwafuata kazini kwao ili ajue ni kitu gani kilichowadhuru. Jina lake ni Alice Hamilton. Alizaliwa mjini New York tarehe 27 Februari 1869, akalelewa Fort Wayne katika jimbo la Indiana. Siku zile wanawake waliosomea udaktari walikuwa wachache, lakini yeye alishika masomo, na katika mwaka wa 1893 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan.

Mwaka 1897 alihamia Chicago kufundisha, akakaa Hull House, nyumba iliyoanzishwa ili kuwasaidia maskini na wageni waliotoka Ulaya. Majirani zake walikuwa watu wa viwandani. Wengine walirudi makwao wamepauka, matumbo yakiwasokota, na viganja vimelegea hata hawawezi kushika vizuri. Hao walikuwa wamepata sumu ya risasi, madini yaliyotumika siku hizo kutengenezea rangi nyeupe ya nyumba. Aliyeshindwa kazi aliondoka, na mwingine akashika mahali pake. Hakuna aliyeandika habari zake.

Mwaka 1910 alipewa kuongoza uchunguzi wa magonjwa ya kazini katika jimbo la Illinois. Kazi ilikuwa ngumu, maana viwanda havikuwa na orodha ya wagonjwa. Basi aliingia viwandani kutazama kazi ilivyofanywa, akapekua madaftari ya hospitali, akabisha hodi nyumba kwa nyumba, akawauliza madaktari, wauza dawa na mapadre. Hakupokea uvumi. Aliyehesabiwa ni yule tu ambaye ugonjwa wake na kazi yake vilijulikana kwa hakika. Mwishowe alipata watu 578 waliodhuriwa na risasi.

Wenye viwanda walizoea kusema kwamba kosa ni la wafanya kazi wenyewe, kwa kuwa hawakunawa mikono kabla ya kula. Daktari Hamilton alionyesha kwamba sumu iliingia hasa kwa vumbi na moshi waliouvuta. Jambo hili ni kubwa, kwa sababu mtu aweza kunawa mikono yake mwenyewe, lakini hawezi kuacha kupumua. Kuondoa vumbi ni wajibu wa mwenye kiwanda.

Mkubwa mmoja wa kampuni ya National Lead, Bwana Edward Cornish, alikana kwamba watu wake walikuwa wakiugua, lakini aliahidi kwamba akiletewa ushahidi atatengeneza mambo. Daktari alikwenda, akarudi na habari za watu 22 wa kiwanda chake kimoja cha Chicago waliougua hata kulazwa hospitalini. Bwana Cornish alitimiza ahadi yake: vumbi na moshi vikapunguzwa, na madaktari wakaajiriwa kuwapima wafanya kazi. Mwaka 1911 Illinois ikatunga sheria iliyowataka waajiri wa kazi za hatari wawakinge watu wao, wawapimishe kila mwezi, na kutoa taarifa za waliougua.

Mwaka 1919 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard, ingawa hakuruhusiwa kuandamana na walimu wenzake siku ya mahafali. Alifariki tarehe 22 Septemba 1970, mwenye umri wa miaka 101. Miezi mitatu baadaye, tarehe 29 Desemba, sheria ya usalama kazini ya Marekani nzima ilitiwa sahihi.

Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, nayo humtaka mwajiri atoe taarifa za ajali na magonjwa ya kazini. Wanafunzi wengi wa shule hii watakuwa mafundi, wauguzi, makarani na wasimamizi. Mtu akiumia mbele yenu, mtibuni kwanza. Kisha andikeni ni nani, siku gani, alikuwa akifanya kazi gani, na ni kitu gani kilichomwumiza. Msiandike tu kwamba alikuwa mzembe, kwa maana neno hilo hufunga uchunguzi, na mashine iliyomkata itamkata na mwenzake.